Usipoviona Vioo Vyake: Safari ya Kibwezi Miongoni mwa Malori

Nilikwenda Kibwezi kwa haja moja: kukaa kwenye kiti cha dereva wa trela na kutazama anachokiona na asichokiona. Wengi wetu tunaoitumia Barabara ya Mombasa tunayajua malori kwa nyuma tu. Tunaijua mistari myekundu na ya manjano kwenye milango ya kontena, moshi wa mlimani na vumbi linalorushwa na matairi. Tunayafuata kwa uchungu wa haraka, tunayapita, kisha tunayasahau. Mtu aliyeshika usukani kule juu hatumjui, wala hatujiulizi kama yeye ametuona.

Kutoka Nairobi hadi Kibwezi ni takriban kilomita 200. Malori hukupokea Mlolongo, kwenye mizani, kabla hujauaga mji vizuri. Yanakusindikiza kwenye tambarare za Konza na kona za Salama, yanapumzika Sultan Hamud na Emali, yanapanga foleni Makindu, mahali ambapo hekalu la Kalasinga limekuwa likiwalisha wasafiri bure kwa miaka mingi. Baada ya hapo ardhi inazidi kuwa nyekundu, milima ya Chyulu inasimama mkono wa kulia, na mashamba ya mkonge ya Dwa yanatangaza kwamba Kibwezi umefika. Mji wenyewe haukai kando ya barabara kuu. Unashuka kwenye makutano, unakata kushoto, na barabara hiyo hiyo ukiifuata inavuka Mto Athi na kukupeleka Ikutha, Mutomo hadi Kitui.

Makutano hayo yana historia ndefu kuliko lami yake. Mwaka 1890, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianza kufyeka njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa kwenda bara. Kipande cha Mombasa hadi Kibwezi kilipewa jina la Mackinnon, mwanzilishi wa kampuni hiyo. Kutoka Kibwezi kuelekea Busia, kazi ikaendelezwa na mhandisi wa jeshi aliyeitwa Sclater, na njia ikabeba jina lake. Kwa hiyo Kibwezi ilikuwa kituo cha mizigo hata kabla reli ya kwanza haijafika. Leo mizigo inayopita hapa ni ya Kenya, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Reli mpya ya SGR, yenye kituo chake hapa Kibwezi, ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na mizigo muda mfupi baadaye. Serikali ilipojaribu kuilazimisha mizigo yote ipande treni, miji ya njiani ililia njaa, maana hoteli, gereji na nyumba za kulala wageni zinaishi kwa dereva wa masafa marefu. Mwaka 2022 amri hiyo iliondolewa. Malori yapo, na yataendelea kuwapo. Swali ni jinsi ya kuishi nayo barabarani.

Mwenyeji wangu alikuwa dereva mzaliwa wa Kibwezi, mtu wa makamo aliyeanza kazi akiwa utingo na ambaye ameendesha hadi Kampala, Kigali na Juba. Alikuwa akirudisha kontena tupu bandarini, akalala kwake usiku mmoja kama kawaida yake. Nilimkuta kwenye uwanja wa kuegesha malori karibu na makutano, akigonga matairi kwa chuma na kusikiliza mlio wake.

"Mzee, ninataka kuona unavyoona," nikamwambia.

"Panda, mwanangu," akajibu. "Lakini kwanza utaona nisivyoona."

Nikapanda ngazi, nikakaa kwenye kiti chake. Kutoka pale juu niliona mapaa ya maduka, vichwa vya watu, na barabara kwa mbali sana kuelekea Mtito Andei. Mtu anaweza kudhani kwamba aliye juu hivyo anaona kila kitu. Mzee akamwita utingo wake, kijana mrefu mwenye kofia, akamwambia asimame mbele ya lori, mgongo ukigusa bampa. Nikaona sehemu ya juu ya kofia tu. Akamwambia achuchumae, kimo cha mtu aliyekaa kwenye pikipiki. Kijana akapotea kabisa. Ilibidi arudi nyuma hatua kadhaa, akiwa bado amechutama, ndipo nikamwona tena.

Kisha akatembea upande wa kushoto, mkono ukipapasa mlango. Nikatazama dirishani: hakuna mtu. Nikatazama kioo kikubwa cha pembeni: hakuna mtu. Akatokea kwenye kioo alipofika matairi ya trela, na aliposogea hatua chache nje, kuelekea pale ambapo matatu ingeweza kupita, akapotea tena. Mwisho akaenda nyuma. Akakaa huko. Mzee akaniambia kwamba kijana alikuwa akipiga mlango wa kontena kwa kiganja. Sikusikia wala sikuona chochote. Hata nguzo ya kebini, ile iliyo kati ya kioo cha mbele na dirisha, pamoja na kioo cha pembeni kilicho karibu nayo, vilitosha kulificha gari zima aina ya Probox lililokuwa likija kutoka mjini kuingia barabara kuu.

Hivyo nilijifunza kwamba lori lina pande nne ambazo macho ya dereva hayafiki, na tatizo halihusu uzembe wa mtu. Mbele, chini ya kioo, kuna nafasi inayomeza pikipiki na mtoto. Nyuma ya trela kuna nafasi ambayo hakuna kioo kinachoifikia. Pande zote mbili za kebini zina mahali pa kupotelea, na upande wa mbali na usukani ndio mbaya zaidi. Kwetu, ambako usukani uko kulia, upande huo ni kushoto. Mafundisho mengi yanayosambazwa kwenye simu yametoka Marekani, na husema ujihadhari na upande wa kulia wa lori kwa sababu kule dereva hukaa kushoto. Anayeyafuata hapa bila kuyageuza atajihadhari upande usio wenyewe.

Mzee akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo baadhi ya malori yanayotoka huko yana usukani kushoto. Yanapopita Kibwezi, upande usioonekana vizuri ni ule ule tunaopitia sisi tukitaka kuyapita. "Kabla hujanipita, soma namba ya gari," akasema. "Ukiona si ya Kenya, si ya Uganda, nipe nafasi zaidi. Huenda nimekaa upande usioudhani."

Tukaondoka. Mwendo wa trela ukiwa ndani yake ni kitu kingine. Breki za upepo zinatoa pumzi, gia zinapandishwa moja moja, na mwili mzima unahisi kwamba uzito huu ukishaanza kwenda haupendi kusimama. Sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lenye ekseli saba kufikia jumla ya tani 56. Kuna kipimo kinachotumiwa sana kufundishia madereva: kwenye mwendo wa kilomita 105 kwa saa, gari dogo huhitaji karibu mita 100 ili lisimame, na lori lililojaa huhitaji karibu mita 160. Malori yetu yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, lakini tofauti hiyo haiondoki, na kwenye mteremko mzigo unasukuma. Ndiyo maana dereva mzuri huacha uwazi mkubwa mbele yake. Na ndiyo maana inaumiza kuona jinsi sisi wenye magari madogo tunavyoufanyia uwazi ule: tunaingia ndani yake. Tulikuwa hatujaenda mbali pale gari dogo lilipotupita, likakata kushoto mbele ya bampa yetu na kukanyaga breki kwa sababu ya pikipiki. Kwa kitambo nililiona paa lake tu, kisha hata paa sikuliona. Mzee alishika breki bila neno. Baadaye akasema, "Ule uwazi si wake wala si wangu. Ni wa kusimamia."

Kanuni ya kurudi kushoto baada ya kulipita lori ni rahisi: subiri mpaka uzione taa zake zote mbili za mbele kwenye kioo chako cha ndani. Ukiona moja, bado. Usipoona hata moja, uko mahali alipochuchumaa yule utingo.

Sehemu kubwa ya barabara hii ni njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Basi tupige hesabu. Lori linakwenda kilomita 80 kwa saa, nawe unakwenda 100. Unalizidi kwa kilomita 20 kwa saa, yaani chini kidogo ya mita sita kila sekunde. Weka mita 20 za kuanzia nyuma yake, mita 18 za lori lenyewe, mita 20 za kulitangulia, na urefu wa gari lako. Utahitaji sekunde 11 hivi, na katika muda huo utakuwa umesafiri zaidi ya mita 300 upande wa wenzako. Anayekuja mbele naye kwa mwendo kama wako amesafiri mita 300 nyingine. Unahitaji kuona barabara tupu kwa mita 600 na ushee ili upite salama. Malori yakiwa mawili yanayofuatana, kama ilivyo desturi hapa, hesabu inapanda sana. Sekunde hizo zote unazitumia pembeni mwa lori, na baadhi yake mahali ambapo dereva hakuoni. Akikwepa shimo au mbuzi, atahamia kwako akiamini hapana mtu.

Kwa hiyo anayetaka kupita apite, asikae ubavuni. Niliwaona wengi wakianza kwa haraka, wakiingiwa na wasiwasi katikati, kisha wakienda sambamba na matairi ya trela wakitafakari. Kama nafasi haitoshi, kaa nyuma, tena nyuma kwa mbali. Aliyejibandika kwenye milango ya kontena haoni mbele na haonekani nyuma. Aliyejitenga anaona barabara, na dereva wa lori anamwona kwenye vioo. Madereva wanasema hivi: usipoviona vioo vyake, naye hakuoni. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kusema utafute uso wake kwenye kioo, kwa maana kioo kinachokuonyesha uso wake ndicho kinachompa sura yako.

Kuna pia mazungumzo ya taa, ambayo anayepita mara kwa mara huyajua. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kulia bila kukata kona, mara nyingi anakuambia usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, anakuambia njia ni nyeupe. Usiku, yule anayekuja mbele huwasha indiketa ya upande wako kukuonyesha mzigo wake unapoishia. Ni ukarimu wa kweli kati ya watu wasiojuana, na umeokoa wengi. Lakini indiketa ya kulia inaweza pia kumaanisha kwamba anakata kulia kweli, na ya kushoto kwamba anaegesha. Mzee aliniambia yeye huwasaidia wanaomfuata anapoweza, ila hampi mtu ruhusa. "Mimi naona mbele. Mwendo wako na uwezo wa gari lako, sivioni. Nikikuashiria, bado macho ni yako."

Tulipofika Kambu, mwendo ulipungua. Wauzaji walikuja mbio na maembe, vitunguu na asali, wakipita mbele ya bampa kutoka upande mmoja hadi mwingine, huku bodaboda zikijipenyeza kati yetu na gari la mbele. Hapo ndipo mzee alipokaza macho kuliko popote njiani. Kabla ya kuondoka alipiga honi fupi, akamtuma utingo atoe kichwa dirishani na kutazama chini kushoto, ndipo akaachia breki. Watu wengi huogopa lori linalokimbia. Lori lililosimama nalo huua, pale linapoanza kutembea na mbele yake kuna mtu anayehesabu chenji. Taifa halijasahau Londiani, jioni ya tarehe 30 Juni 2023, pale lori lilipoacha njia na kuwaingilia wafanyabiashara na abiria kando ya makutano, na watu zaidi ya 50 wakafa. Ajali ile haikutokana na pande zisizoonekana, lakini ilituonyesha kwamba tumezoea kufanya soko mahali ambapo tani nyingi za chuma zinapita kwa inchi chache.

Tuliingia Mtito Andei jua likizama. Mji huu wa katikati ya safari ya Nairobi na Mombasa huwa uwanja mkubwa wa kuegesha malori usiku. Nilishuka hapo, tukala ugali na mbuzi, na madereva wengine wakajiunga nasi. Waliogopa nini? Wengi walitaja kitu kimoja: lori lililoharibika gizani. Dereva asiye na pembetatu za kuakisi mwanga, ambazo sheria inamtaka awe nazo, huvunja matawi na kuyalaza barabarani. Matawi hayang'ai. Mwenye gari dogo aliyepofushwa na taa kali za anayekuja mbele hayaoni mpaka ameyakanyaga, na nyuma ya trela iko kimo cha kioo chake. Ukiona matawi kwenye lami, usijiulize yametoka wapi: punguza mwendo mara moja. Na mwenye lori anayepeleka gari safarini usiku bila taa za nyuma na bila pembetatu anaweka mtego barabarani, tena anajua.

Kesho yake nilirudi Kibwezi kwa matatu na kusimama kwenye makutano, nikiyatazama malori yakiingia barabara ya Kitui. Lami ya barabara hiyo imeleta magari mazito kwenye vijiji vilivyozoea vumbi na punda. Lori linalotoka upande wa Nairobi kabla ya kukata kushoto huhamia kwanza kulia, kwa sababu matairi ya nyuma ya trela hayafuati njia ya matairi ya mbele, hukata ndani. Anayekuja nyuma anaona nafasi imefunguka upande wa kushoto. Mwenye bodaboda, abiria wawili nyuma yake, anaingia. Ile nafasi inafungwa na trela polepole, na dereva, ambaye kebini yake imeshageuka, anaona kwenye kioo ubavu wa kontena tu. Siku ile bodaboda waliokuwa na subira walikuwa wengi kuliko wasiokuwa nayo, na mzee mmoja wa stendi alikuwa akiwakemea vijana wake: "Lori likigeuka, wewe ngoja! Abiria hakimbii."

Tatizo hili si la Kibwezi peke yake. London, ambako nako usukani uko kulia, waendesha baiskeli wengi waliuawa kwa namna hiyo hiyo, wakiwa kushoto kwa lori linalokata kona. Jiji lile liliamua kutoliacha jambo hili kwa tahadhari ya mwendesha baiskeli pekee. Tangu Machi 2021, lori la zaidi ya tani 12 haliingii bila kibali kinachotolewa kwa kupima kiasi ambacho dereva anaona moja kwa moja kupitia madirisha yake, na Oktoba 2024 kiwango kilipandishwa. Lisilofikia kiwango hufungwa kamera na vihisio. Kenya hatujafika huko, na malori yetu mengi yameingia nchini yakiwa yameshatumika kwingine. Hata hivyo, kioo kidogo cha mbele kinachotazama bampa na kioo cha juu ya mlango wa kushoto ni vitu ambavyo mwenye kampuni anaweza kuviweka bila kusubiri sheria. Lori la mwenyeji wangu lilikuwa na nafasi ya kioo cha mbele. Kioo chenyewe kilivunjika zamani na hakikurudishwa.

Kila mwaka barabara za Kenya huua watu zaidi ya 4,000. Wengi wao ni watembea kwa miguu na waendesha pikipiki, watu ambao dereva wa trela ndiye wa mwisho kuwaona. Kwa hiyo ninawaomba wote wanaoitegemea barabara hii. Wenye malori, rudisheni vioo, taa na pembetatu kabla ya kuhesabu faida ya safari. Serikali ya kitaifa na kaunti za Makueni na Kitui, wapeni wauzaji na bodaboda mahali pa kusimama mbali na lami, na yapeni malori viwanja vya kuegesha usiku. Shule za udereva, wapandisheni wanafunzi kwenye kebini ya lori lililosimama, hata kwa dakika kumi. Hakuna somo la darasani litakalolipiku hilo. Na wewe msomaji, utakapopita Kibwezi: usikae ubavuni mwa lori, usipite kushoto kwake, usikate mbele yake mpaka umeziona taa zake zote mbili, na usisimame mbele ya bampa yake hata kama limesimama. Dereva aliye juu hataki kukuumiza. Jiweke mahali anapoweza kukuona.